"Timu yangu imenyamaza, na bonasi haijasaidia"

Barua ya msomaji

Shikamooni washauri,

Nina miaka 34, naishi Dar es Salaam. Ofisi yetu hufanya utafiti na tathmini za miradi ya maji, afya na kilimo. Mteja hutupa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoitaka, tunaandaa dodoso, tunakwenda mikoani kukusanya data, tunachambua na kuandika ripoti. Nilikuwa mchambuzi wa takwimu kwa miaka 6, na kazi niliijua. Januari mwaka huu mkurugenzi akanipandisha kuwa kiongozi wa timu ya watu 7.

Mwanzoni watu walikuwa wanabishana kuhusu data mpaka chai inapoa. Sasa nikiuliza swali kikaoni wananitazama tu, au wanasema "sawa dada" na kurudi mezani kwao. Rasimu zinakuja pungufu. Nazichukua nyumbani nazirekebisha usiku, maana kumweleza mtu kunachukua muda kuliko kufanya mwenyewe.

Nimejaribu kuwatia moyo. Aprili nilimwomba mkurugenzi bonasi ya shilingi 200,000 kila mwezi kwa atakayekamilisha sura nyingi zaidi za ripoti. Mwezi wa kwanza wa bonasi kasi iliongezeka. Mwezi wa pili wakaanza kugombania sura fupi, na sura ya matokeo ya kaya, ambayo ndiyo ripoti yenyewe, ikakosa mtu. Mwezi wa tatu mteja akaturudishia ripoti nzima, kwa sababu jedwali la 4 lilisema kaya 612 na muhtasari ukasema 621. Tangu hapo nimeweka kikao kila siku saa mbili na nusu asubuhi, kila mtu aeleze atafanya nini. Tuna pia kundi la WhatsApp, ambako natuma ukumbusho hata saa nne usiku nikikumbuka jambo.

Mchambuzi wangu bora, kijana wa miaka 28, ametoa notisi. Zimebaki siku 19. Amesema tu anatafuta changamoto mpya. Halafu yuko mzee wa miaka 55, mtaalamu wa sampuli, yaani wa kuchagua kaya za kuhojiwa, ambaye alikuwa bosi wangu nilipoanza kazi. Vikaoni hasemi neno. Malalamiko mengine ni ya kawaida, kama posho za safari ya Dodoma ambazo uhasibu haujalipa mwezi wa pili sasa, lakini hizo si mamlaka yangu.

Sasa mkurugenzi anataka kuweka programu ya kupiga picha skrini za wafanyakazi kila dakika 10. Anataka maoni yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Naona timu imekosa ari. Nifanyeje irudi?

Dada wa Mikocheni

Majibu yetu

Marahaba, dada yetu.

Tuanze na mstari ulioupita haraka: posho za Dodoma. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliwauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini, na lini vibaya sana. Majibu yalikwenda njia mbili tofauti. Yaliyowakera yalihusu malipo, taratibu za ofisi, usimamizi na mazingira ya kazi. Yaliyowapa raha yalihusu kazi yenyewe: kukamilisha jambo gumu, kutambuliwa, kupewa dhamana. Njia yake ya kuuliza imebishaniwa sana tangu hapo, lakini mgawanyo huo unakufaa leo. Posho ikilipwa haitaleta ari. Isipolipwa, hakuna neno lako lingine litakalosikika, kwa sababu mtu aliyelala nyumba ya wageni kwa pesa yake mwenyewe anakuhesabia siku.

Kulipa si mamlaka yako, lakini kufuatilia ni kazi yako. Andaa jedwali moja: jina, idadi ya siku, kiwango kwa siku, jumla, na tarehe aliyorejesha masurufu. Mara nyingi malipo yamekwama kwenye stakabadhi moja ya mafuta au saini moja iliyokosekana, na fomu za watu wote zimekaa zikiisubiri. Lipeleke jedwali uhasibu kwa miguu yako, uondoke na tarehe. Tarehe hiyo waambie watu wako siku hiyo hiyo, hata kama ni mbaya.

Sasa kuhusu ari. Watu waliokuwa wakibishana mpaka chai inapoa miezi michache iliyopita hawajaishiwa. Ari yao imezibwa, na tunakuambia kwa heshima kwamba vizibo kadhaa umeviweka wewe, kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo usitafute cha kuwaongezea kabla hujajua cha kuondoa.

Bonasi ni kizibo cha kwanza. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alichapisha majaribio aliyofanya na wanafunzi wa chuo waliopewa mafumbo ya vipande vya kupanga. Kundi moja lililipwa kwa kila fumbo katika awamu ya kati, kisha malipo yakasimamishwa. Baada ya hapo, muda wao wa mapumziko waliutumia kwenye mafumbo kidogo kuliko wale ambao hawakuwahi kulipwa. Tuzo iliyotangazwa mapema, iliyofungwa kwenye hesabu ya vitu, kwa kazi ambayo mtu alikuwa anaipenda, huhamisha macho yake kutoka kwenye kazi kwenda kwenye tuzo.

Kwenu kuna tatizo la pili juu ya hilo. Gunia la mahindi ukilipima umelijua. Sura ya ripoti huwezi kuijua kwa kuihesabu. Mpaka mtu aifungue, aikague, afuate namba hadi kwenye data. Ulilipia idadi, ukaletewa idadi, na ubora ambao haukuwa na bei ukabaki njiani. Charles Goodhart, mchumi wa Benki Kuu ya Uingereza, alieleza jambo hili mwaka 1975: uhusiano wa kitakwimu unaoonekana thabiti huelekea kuvunjika mara unapougeuza kuwa usukani wa kuongozea mambo. Watu wa takwimu kama ninyi mtamwelewa haraka.

Iondoe bila kuvunja ahadi. Mwezi huu ulipe kama ulivyosema. Wiki moja kabla haujaisha, tangaza kwamba huo ndio wa mwisho, na useme wazi kwamba kosa lilikuwa la utaratibu. Kuigawa 200,000 kwa watu 7 ni shilingi 28,000 na ushee kila mmoja, kiasi ambacho hakimpi mtu kitu cha maana. Sisi tungemwomba mkurugenzi pesa ya miezi mitatu, yaani 600,000, ilipie mafunzo ambayo timu yenyewe itayachagua.

Kizibo kikubwa zaidi ni zile rasimu unazozirekebisha usiku. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo viongozi wengi waliopandishwa kwa sababu ya ufundi wao hukwama.

Mchambuzi anakupa rasimu jioni, asubuhi anakuta ripoti nyingine yenye jina lake. Haoni kosa lilikuwa wapi. Anajifunza mambo mawili tu: kwamba kazi yake haikutosha, na kwamba hata asipojikaza utaimalizia. Rasimu ijayo itakuja pungufu zaidi, nawe utasema huyu hajitumi. Hesabu muda wako pia. Ukitumia dakika 40 kwa kila rasimu, rasimu 10 ni karibu saa 7, na ya 11 itakuja vile vile. Kukaa na mtu ukamweleza ni saa 2. Akihitaji mara tatu ni saa 6, na baada ya hapo kasoro hiyo haikurudii. Wiki za mwanzo utaona kazi inachelewa. Panga ratiba na mteja ukijua hivyo, la sivyo utarudi kwenye kompyuta yako usiku wa pili.

Acha kugawa ripoti kwa sura. Kila ripoti iwe na mwenyewe mmoja, anayeibeba kutoka dodoso mpaka kuiwasilisha mbele ya mteja, na wengine wakimsaidia. Kila mtu awe mwenye ripoti moja tu kwa wakati mmoja. Mkigawana sura hakuna anayeiona kazi nzima, na ndiyo maana 612 na 621 zilikaa ndani ya ripoti moja bila mtu kushtuka: aliyeandika muhtasari alinakili kwa mkono kutoka kwenye jedwali la mwenzake, na kila mmoja aliamini mwingine ameangalia.

Kisha weka vituo vitatu vya ukaguzi. Cha kwanza ni kabla ya kwenda mikoani. Mwenye ripoti alete maswali ya hadidu za rejea, na mbele ya kila swali jedwali tupu: kichwa, safu, mistari, bila namba. Jedwali lisiloweza kujazwa na dodoso lililopo litaonekana hapo, wakati kurekebisha ni kazi ya nusu siku. Likionekana baada ya kutoka Dodoma, halirekebishiki. Cha pili ni data ikishasafishwa: kurasa 2 tu, zenye matokeo makuu 5 na namba moja ambayo mwenye ripoti mwenyewe haiamini sana. Swali hilo la namba asiyoiamini lisikose. Linampa ruhusa ya kusema shaka yake mapema. Cha tatu ni rasimu kamili. Hapo mtu ambaye hakuandika asome kila namba kwa sauti, na mwenzake afuatilie kwenye matokeo ya uchambuzi. Kwa ripoti ya kurasa 60 tengeni saa 2.

Katika kila kituo, faili usiliguse. Andika maoni pembeni, na kila moja liwe na herufi: L kwa lazima, yaani kosa la ukweli, la hesabu au la hadidu za rejea, S kwa shauri, ambalo mwandishi ana hiari ya kulikataa. Ukiona maoni yako mengi ni S, jua kwamba unapigania mtindo wako wa kuandika. Na kosa lile lile likijitokeza kwa watu watatu, tatizo liko kwenye kiolezo. Rekebisha kiolezo, uwaache watu.

Sambamba na hilo, waandikie nani anaamua nini. Karatasi moja inatosha. Mwenye ripoti aamue peke yake mpangilio wa sura, aina ya chati na siku za kuandika. Aamue kisha akujulishe: kuchukua kaya ya akiba badala ya iliyokosekana, kuondoa swali lililojibiwa vibaya. Aje kwako kwanza: kugusa ukubwa wa sampuli, bajeti au tarehe ya mteja. Jambo ulilomwachia likiamuliwa tofauti na ambavyo ungeamua wewe, liache. Ukilinyakua mara moja, karatasi yote imekufa.

Kikao cha saa mbili na nusu kifute. Asubuhi ndio muda ambao kichwa cha mchambuzi kinabeba data ngumu, nawe unaukata katikati. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihamishwa kazi kabla hajamaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule kule na kazi ya pili huumia. Tengeni saa tatu hadi saa sita bila vikao wala simu za ndani. Badala ya kikao, kila mtu aandike mistari mitatu kabla ya saa tatu: nimemaliza nini, nafanya nini, nimekwama wapi. Kikao kimoja kwa wiki, dakika 30, mchana.

Mstari wa tatu ndio wako. Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya karibu kumbukumbu 12,000 za kila siku kutoka kwa watu 238 katika kampuni 7. Kilichotenganisha siku nzuri na mbaya zaidi ya vyote kilikuwa kusonga mbele, hata hatua ndogo, katika kazi ambayo mtu anaiona ina maana. Basi mtu akiandika "nimekwama, sina barua ya kibali cha halmashauri", hiyo ndiyo kazi yako ya asubuhi hiyo. Mjibu kabla ya chakula cha mchana, hata kama jibu ni kwamba umempigia afisa na unasubiri. Mistari hiyo ikikaa wiki mbili bila kujibiwa, watu wataanza kuandika "hakuna".

Ujumbe wa saa nne usiku uandike ukitaka, ila uupange utoke asubuhi. Mtumishi wa chini hawezi kujua kwamba ulikuwa unajikumbusha tu. Kwake ni agizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu. Waliokesha Dodoma kusafisha data wanaijua hesabu hiyo, hata kama hawaitamki.

Kuhusu ukimya wa vikaoni, kumbuka adabu zetu. Kijana hambishii mzee mbele ya watu, na mtu hamkosoi kiongozi wake hadharani, hata akialikwa kufanya hivyo. Kwa hiyo "mnasemaje?" itakuletea "sawa dada" milele. Gawa karatasi, wape dakika 5 kila mtu aandike hatari moja anayoiona kwenye mpango, zichanganye, zisome bila majina. Wanaopenda kusema waanze wadogo, wewe uwe wa mwisho. Na siku mtu atakapokuletea kosa lake mwenyewe, wote watatazama uso wako. Sema "afadhali umeliona mapema, tunalitatuaje?" na uishie hapo. Jiulize pia aliyeandika 621 alitendewaje siku ile. Kama alitajwa mbele ya wenzake, mwombe radhi mbele ya wenzake.

Mzee wako mwendee mezani kwake kabla ya kikao, si ndani ya kikao. Shikamoo ibaki pale pale, cheo hakiiondoi. Mwambie: "Mzee wangu, sampuli ya mradi huu nataka ipite mikononi mwako, na neno lako ndilo liwe la mwisho kabla haijaenda kwa mteja." Halafu litangaze hilo mwenyewe mbele ya timu, ili asilazimike kujipigia debe. Mkitofautiana, malizeni ninyi wawili mlango ukiwa umefungwa. Anaweza kuwa anakaa kimya kwa kukuogopea wewe, asionekane bado ni bosi wako.

Kila mtu mpe dakika 30 za peke yake kila wiki mbili. Kwa watu 7 ni saa tatu na nusu, na zitalipa. Dakika 10 za kwanza ni zake. Kisha uliza: ni kazi gani wiki hizi ilikufanya usahau saa? Nini kilikupotezea muda? Nifanye nini kidogo zaidi? Taarifa ya maendeleo ya kazi isiingie hapo, tayari unayo kwenye mistari mitatu. Yanayoharibu mazungumzo haya ni kuyaahirisha, maana ukiahirisha mara mbili mtu ameshajua uzito wake kwako, na kuahidi mambo ya mshahara usiyoyaweza.

Kijana anayeondoka usimpandishie dau. Wengine sita watajifunza kwamba notisi ndiyo fomu ya kuombea nyongeza. Muulize tu siku ya kwanza aliyowaza kuondoka, na siku hiyo kulitokea nini. Jibu la swali hilo huwa na tarehe na tukio, na litakufaa kwa waliobaki. Siku 19 zilizosalia asizimalize akiandika waraka mrefu wa makabidhiano. Akae kiti kwa kiti na wawili watakaorithi kazi yake: wao washike kompyuta, yeye aeleze. Na kama kuna ripoti inayowasilishwa kwa mteja kabla hajaondoka, aiwasilishe yeye.

Tumeacha programu ya picha za skrini mpaka mwisho kwa sababu hapo una hoja nzito kuliko unavyodhani. Mchambuzi anayelitazama jedwali dakika 20 bila kugusa kitufe huenda ndiye anayelikamata lile kosa la 621. Kwenye picha ataonekana mvivu, na wenzake watajifunza kuchezesha kipanya. Lakini mkurugenzi mwonyeshe hili kwanza: skrini zenu zinaonyesha majina, namba za simu na majibu ya afya ya wahojiwa. Kila picha ni nakala mpya ya siri mliyoahidi kuitunza kwenye fomu ya ridhaa, imehifadhiwa mahali pengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia, na inawagusa wahojiwa na wafanyakazi pia. Mwombe apate ushauri wa mwanasheria kabla ya kununua chochote.

Usimkatalie ukiwa mikono mitupu. Hofu yake ni ya kweli: ameletewa ripoti iliyorudishwa na hajui nini kinaendelea. Mpe ukurasa mmoja wenye vipimo vitatu vya timu nzima, visivyopanga watu kwa majina: siku kutoka data kusafishwa hadi kituo cha pili, ripoti zilizorudishwa na mteja, na makosa ya namba yaliyogunduliwa baada ya kituo cha tatu. Mwombe robo mwaka ya kujaribu. Mpelekee ana kwa ana kabla ya mwisho wa mwezi, na ukurasa wa pili uwe lile jedwali la posho za Dodoma.